Kanuni za Biashara ya Kimataifa na Wazalishaji wa Chato: Historia ya Pamba na Sangara, 1955–2016

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Chato iko kwenye ufuko wa kusini-magharibi wa Ziwa Victoria, katika Mkoa wa Geita. Kabla ya mkoa huo kuanzishwa mwaka 2012, eneo hili lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Kagera, na kabla ya kuwa wilaya lilikuwa sehemu ya Biharamulo. Uchumi wa wakazi wake umetegemea shamba na ziwa. Shambani, pamoja na mahindi na mihogo ya chakula, wamelima pamba, ambayo hupelekwa kwenye chama cha msingi na kisha kiwandani kuchambuliwa. Ziwani wamevua dagaa, sato na sangara, na sangara ndiye aliyeiunganisha mialo kama wa Kasenda na viwanda vya minofu vya Mwanza, na kupitia viwanda hivyo, na meza za Ulaya.

Pamba na sangara ni mazao tofauti kabisa, lakini yana jambo moja la pamoja. Yote mawili hupimwa kwa mizani Chato, ilhali thamani yake huamuliwa mbali na Chato. Mzalishaji huiona mizani na huweza kuibishia. Kanuni zinazoathiri bei inayosomwa pembeni ya mizani hiyo haioni, na kwa kawaida hazijui hata kwa jina.

Makala haya yanachunguza namna kanuni za biashara ya kimataifa, hasa zile zilizoanza kutumika pamoja na Shirika la Biashara Duniani mwaka 1995, zilivyowagusa wazalishaji wa aina hii. Hoja inayojengwa ni kwamba udhaifu wa nchi zinazoendelea mbele ya kanuni hizo hautokani tu na maneno yaliyoandikwa katika mikataba. Unatokana zaidi na maswali mawili ambayo kila mgogoro wa biashara hulazimika kuyajibu: nani anabeba mzigo wa ushahidi, na nani anasubiri wakati ushahidi unatafutwa. Katika historia ya pamba na ya sangara, majibu ya maswali hayo yalimwangukia mzalishaji wa Kanda ya Ziwa kila mara, ingawa kanuni zilizohusika zilikuwa tofauti.

Dhahabu, ambayo kwa miongo ya karibuni imeupa Mkoa wa Geita jina kubwa kuliko mazao yake, haijadiliwi hapa. Migodi mikubwa hutawaliwa zaidi na sheria za madini, mikataba ya uwekezaji na usuluhishi wa migogoro kati ya wawekezaji na serikali, mambo yanayohitaji uchunguzi wake.

2.0 Mapambano ya Mizani, 1955–1994

Pamba ya Usukuma ilikua kwa kasi wakati wa utawala wa Waingereza. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilichoanza kazi katika miaka ya 1930, kilizalisha mbegu zilizostahimili wadudu na kufaa mvua za ukanda huo. Herufi UK zinazotangulia majina ya mbegu za pamba za Tanzania hadi leo zatokana na jina la kituo hicho. Kadiri ardhi ya Usukuma ilivyojaa watu na mifugo, kaya nyingi zilihamia magharibi, Geita na Biharamulo, zikiwa na ng'ombe, majembe na ujuzi wa kulima pamba. Kwa njia hiyo zao hili lilikita mizizi katika nchi ya Wazinza na Wasubi.

Ununuzi katika miaka hiyo ulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wenye viwanda vya kuchambua pamba, wengi wao wenye asili ya Asia. Malalamiko makubwa ya wakulima yalihusu mizani. Waliamini kuwa walipunjwa uzito, nao hawakuwa na mtu wao wa kuisoma. Vyama vya ushirika vilizaliwa katika mazingira hayo. Chini ya uongozi wa Paul Bomani, vyama vya msingi viliungana mwaka 1955 na kuunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo kufikia uhuru lilikuwa miongoni mwa taasisi kubwa za ushirika barani Afrika. Shirikisho hilo lilinunua pamba, likamiliki viwanda vya kuchambulia na kusomesha watendaji.

Ni muhimu kuelewa kile ambacho wakulima walikipata na kile ambacho hawakukipata. Walipata mizani, yaani uwezo wa kuhakiki uzito na kudai malipo kamili kwa bei iliyotangazwa. Hawakupata uwezo wa kuipanga bei yenyewe. Hiyo ilibaki kwa bodi ya mauzo ya serikali, na nyuma ya bodi hiyo palikuwa na soko la dunia. Baada ya uhuru, mvutano kati ya ushirika na dola uliongezeka. Shirikisho lilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na nafasi yake kuchukuliwa na Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vya ushirika nchini vilifutwa na ununuzi wa mazao kukabidhiwa mamlaka za mazao. Katika miaka ya 1980 vyama vikuu vikarudishwa, vikiwa vimepoteza mtaji na sehemu ya imani ya wanachama.

Katika kipindi chote hiki serikali ilitangaza bei moja kwa nchi nzima. Bei hiyo ilimlinda mkulima dhidi ya kuporomoka kwa ghafla kwa soko. Kwa miaka mingi, hata hivyo, ilikuwa chini ya kile ambacho soko la nje lililipa, kwa sababu gharama za mamlaka, kodi na thamani ya shilingi iliyopandishwa kuliko hali halisi zilikatwa humo humo. Kwa lugha ya uchumi, mkulima wa pamba wa Tanzania hakupewa ruzuku. Alitozwa. Jambo hili, lililoonekana wakati huo kuwa suala la ndani, lilikuja kuwa na uzito wa kisheria usiotarajiwa.

3.0 Mwaka 1994: Daftari la Marrakesh

Tanzania ilihesabiwa kuwa mshirika wa Mkataba Mkuu wa Ushuru na Biashara tangu uhuru, Desemba 1961, na ikawa mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani siku lilipoanza, Januari 1, 1995. Kati ya tarehe hizo mbili, kwa sehemu kubwa, biashara ya mazao ya kilimo haikubanwa ipasavyo na kanuni za kimataifa. Nchi tajiri zililinda wakulima wao kwa kadiri zilivyoweza kulipa. Mazungumzo ya Uruguay, yaliyoanza mwaka 1986 na kukamilishwa kwa kutiwa saini mjini Marrakesh Aprili 1994, ndiyo yaliyokiingiza kilimo katika mfumo huo kwa mara ya kwanza kwa undani.

Mkataba wa Kilimo haukupiga marufuku ruzuku. Ulizihesabu. Kila nchi ilitakiwa kuorodhesha msaada wa aina inayopotosha biashara iliokuwa ikiwapa wakulima wake katika kipindi cha marejeo cha 1986 hadi 1988, kisha ikaahidi kuupunguza kwa asilimia iliyokubaliwa. Nchi iliyokuwa ikitoa ruzuku kubwa katika miaka hiyo iliandikiwa ukomo mkubwa. Marekani, baada ya kupunguza, ilibaki na haki ya kutoa msaada wa aina hiyo hadi kufikia dola bilioni 19.1 kwa mwaka. Nchi ambayo haikuorodhesha chochote ilibaki na kiwango kidogo kinachosamehewa: kwa nchi zilizoendelea, asilimia 5 ya thamani ya uzalishaji wa zao husika, na kwa nchi zinazoendelea, asilimia 10. Nchi zinazoendelea ziliruhusiwa pia kuwasaidia pembejeo wakulima wa kipato cha chini.

Tanzania iliingia katika kundi hili la pili. Ukiutazama mkataba kwa juu, asilimia 10 ni zaidi ya asilimia 5, na nchi maskini inaonekana kupendelewa. Ukiutazama pamoja na historia, picha hubadilika. Dola iliyomtoza mkulima wake katika miaka ya 1980 haikuwa na ruzuku ya kuandikisha, na kwa hiyo haikuwa na haki ya kuitoa baadaye kwa kiwango kikubwa. Dola iliyokuwa ikimlipa mkulima wake ilipewa hati ya kuendelea, ingawa kwa kupunguza. Daftari la Marrakesh liligeuza tofauti ya utajiri ya kipindi kimoja kuwa tofauti ya haki ya kipindi kilichofuata.

Ni kweli kwamba hata ukomo wa asilimia 10 haukuwa kikwazo cha kwanza kwa Tanzania. Kikwazo cha kwanza kilikuwa hazina tupu. Mwaka huo huo wa 1994, chini ya masharti ya marekebisho ya uchumi yaliyoungwa mkono na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, ununuzi wa pamba ulifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi. Bei moja ya nchi nzima ikaisha. Vyama vikuu, vikiwa na madeni, vilishindwa kushindana. Mikopo ya pembejeo, iliyokuwa ikikatwa kwenye malipo ya mkulima kupitia mnunuzi mmoja, ilivunjika mara wanunuzi walipokuwa wengi, kwani mkulima aliweza kukopa kwa mmoja na kumuuzia mwingine. Ushindani wa kununua kwa haraka ulilegeza pia upangaji wa madaraja, na pamba iliyochanganywa maji au mchanga ili kuongeza uzito ikawa tatizo sugu. Sifa iliyojengwa na Ukiriguru na ushirika kwa miongo minne ilipungua, pamoja na bei ya ziada iliyotokana nayo.

Hivyo, katika mwaka mmoja, nchi tajiri ziliandikiwa haki ya kuendelea kuwasaidia wakulima wao, na Tanzania ikabomoa chombo pekee ilichokuwa nacho cha kumsaidia wa kwake. Matukio hayo mawili hayakupangwa pamoja. Mkulima wa Chato aliyapokea kwa pamoja.

4.0 Pamba Mbele ya Sheria, 2002–2016

Athari ya hali hiyo ilijitokeza wazi bei ya dunia ilipoanguka. Katika msimu wa 2001/02 wastani wa bei ya pamba nyuzi ulishuka hadi karibu senti 42 za dola kwa ratili. Kwa kuwa takriban kilo tatu za pamba mbegu hutoa kilo moja ya nyuzi, na kwa kuwa usafiri, uchambuaji na faida ya mnunuzi hukatwa kabla ya malipo, anguko la aina hiyo humfikia mkulima likiwa limekuzwa. Gharama za katikati hazishuki bei inaposhuka. Kinachoshuka ni kile kinachobaki.

Wakati huo huo Marekani iliendelea kuwalipa wakulima wake wa pamba, idadi yao ikiwa takriban 25,000, kiasi ambacho kwa misimu ya 1999 hadi 2002 kilikaribia dola bilioni 13. Mkulima aliyehakikishiwa malipo na serikali yake hakuwa na sababu ya kupunguza eneo la shamba bei iliposhuka, na pamba yake ikazidi kumiminika sokoni. Ruzuku haikuwa sababu pekee ya kuanguka kwa bei. Nyuzi za viwandani, akiba kubwa za China na mwenendo wa sarafu vilichangia. Hata hivyo, mchumi Daniel Sumner, aliyefanya hesabu kwa niaba ya Brazili, alikadiria kwamba bila ruzuku hizo bei ya dunia ingekuwa juu kwa takriban asilimia 12.6.

Majibu ya kimataifa yalichukua njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya mazungumzo. Mwaka 2003 nchi nne za Afrika Magharibi na Kati, yaani Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, ziliwasilisha kwa Shirika la Biashara Duniani pendekezo la kuondoa ruzuku za pamba na kuwafidia wakulima walioathirika hadi zitakapoisha. Suala hilo lilikuwa miongoni mwa yale yaliyozua mvutano mkubwa katika mkutano wa mawaziri wa Cancún, Septemba 2003, uliovunjika bila makubaliano. Njia ya pili ilikuwa ya mahakama. Septemba 2002 Brazili ilifungua shauri dhidi ya Marekani. Jopo liliamua kwa upande wa Brazili mwaka 2004, na Chombo cha Rufani kikathibitisha sehemu kubwa ya uamuzi huo Machi 2005. Iligundulika kwamba baadhi ya malipo yalikuwa ruzuku zilizokatazwa, na kwamba mengine yalisababisha madhara makubwa kwa kushusha bei ya dunia.

Kwa mtazamo wa sheria, huo ulikuwa ushindi mkubwa. Jambo ambalo nchi za Afrika zilikuwa zimelidai kwa lugha ya haki sasa lilikuwa limethibitishwa kwa lugha ya takwimu. Utekelezaji ulikuwa suala jingine. Marekani ilifuta mpango mmoja mwaka 2006 na kubakiza mingine. Mwaka 2009 Brazili iliruhusiwa kulipiza kisasi cha kibiashara, ikatangaza orodha ya bidhaa, na ilipokaribia kuitekeleza mwaka 2010, Marekani ilikubali kuilipa dola milioni 147.3 kwa mwaka wakati ruzuku zikiendelea. Oktoba 2014 shauri lilifungwa kwa malipo ya mwisho ya dola milioni 300.

Fedha hizo zilienda kwenye taasisi ya pamba ya Brazili. Hapa ndipo kasoro ya msingi ya mfumo inapoonekana. Bei ya dunia ni moja. Ikiporomoshwa, huporomoka kwa mkulima wa Mato Grosso na kwa mkulima wa Chato kwa pamoja. Fidia, kinyume chake, humwendea aliyeshtaki peke yake. Tanzania haijawahi kufungua shauri katika chombo cha migogoro cha shirika hilo kama mlalamikaji. Hata kama ingefungua na kushinda, silaha ya mwisho ya mfumo ni kulipiza kisasi kwa kuzuia bidhaa za mshindwa, silaha inayoogopwa tu ikiwa soko la mshindi ni kubwa. Marekani iliuogopa ukubwa wa soko la Brazili. Isingekuwa na sababu ya kuogopa kupoteza soko la Tanzania.

Sehemu ndogo ya malipo hayo iliruhusiwa kutumika katika ushirikiano wa kiufundi na nchi za Afrika. Kutokana na fedha za taasisi hiyo ulianzishwa mradi wa Cotton Victoria, uliozihusisha Tanzania, Kenya na Burundi, na uliofika hadi Ukiriguru. Mradi wa utafiti ni jambo jema. Hata hivyo, historia yapaswa kulitaja kwa jina lake: kile ambacho kingeweza kudaiwa kama haki kilifika Kanda ya Ziwa kwa sura ya msaada, kwa kiwango na masharti yaliyopangwa na wengine.

Desemba 2015 mawaziri walikutana Nairobi, mara ya kwanza kwa mkutano wa aina hiyo kufanyika katika Afrika ya Mashariki. Waliamua kwamba ruzuku za kuuza pamba nje zikome, mara moja kwa nchi zilizoendelea na kufikia Januari 2017 kwa nchi zinazoendelea. Msaada wa ndani kwa wakulima wa nchi tajiri, ambao ndio uliokuwa na uzito mkubwa zaidi, haukuwekewa ukomo mpya. Tangu Brazili ilipofungua shauri ilikuwa imepita misimu kumi na mitatu ya pamba.

5.0 Sangara na Mlango wa Ulaya, 1997–2000

Historia ya sangara inaonyesha upande wa pili wa mfumo huo huo. Samaki huyu, aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka sana katika miaka ya 1980 na kubadilisha uvuvi wote wa ziwa. Viwanda vya minofu vilivyojengwa Mwanza katika miaka ya 1990 vilituma mawakala kwenye mialo ya pande zote. Mvuvi aliyekuwa akivua kwa ajili ya kitoweo na soko la jirani aliingia katika mnyororo ulioishia Hispania, Uholanzi au Ujerumani. Minofu ilipanda ndege. Vichwa na mifupa, maarufu kwa jina la mapanki, vilibaki kukaangwa na kuuzwa kwa wenyeji, na mabondo yakatafuta soko la Asia.

Mlango wa Ulaya ulikuwa na masharti. Tangu mwaka 1991 Jumuiya ya Ulaya ilikuwa na sheria ya usafi wa mazao ya uvuvi, iliyotaka kila nchi inayouza iwe na mamlaka ya ukaguzi inayolingana na ya Ulaya. Mkataba wa Hatua za Afya ya Binadamu, Wanyama na Mimea, ulioanza mwaka 1995, uliikubali haki ya kila nchi kulinda afya ya watu wake, ila ukaiwekea mpaka: hatua ziwe na msingi wa kisayansi na zitokane na tathmini ya hatari. Pale ushahidi usipotosha, hatua za muda zaruhusiwa.

Baada ya baadhi ya nchi za Ulaya kuzuia samaki wa ziwa hilo kwa sababu ya bakteria wa salmonela, Desemba 1997 Jumuiya ilipiga marufuku samaki wabichi wasiogandishwa kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kutokana na mlipuko wa kipindupindu Afrika ya Mashariki. Mwaka 1998 Tanzania ililipeleka suala hilo mbele ya kamati inayosimamia mkataba huo. Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa hatari ya kipindupindu kuenezwa na chakula kinachouzwa kimataifa ni ndogo. Marufuku iliondolewa katikati ya 1998. Aprili 1999 ikaja nyingine, safari hii kwa hofu kwamba baadhi ya wavuvi walitumia sumu za kuulia wadudu kuvua. Nchi tatu za ziwa zilifunguliwa kwa nyakati tofauti, Uganda ikitangulia na Kenya ikiwa ya mwisho, kadiri kila moja ilivyoweza kuthibitisha kuwa ukaguzi wake unaaminika.

Kwa mvuvi, miezi ya marufuku haikuwa kipindi cha kusubiri uamuzi. Sangara hawezi kuwekwa ghalani kama pamba. Pasipo barafu na pasipo gari la kiwanda, huharibika siku hiyo hiyo. Wakala anapoacha kununua au anaposhusha bei, mwenye mtumbwi hana la kufanya isipokuwa kuuza kwa bei yoyote au kukausha, huku deni la nyavu na injini likibaki palepale. Marufuku ilianza kumuumiza siku ilipotangazwa. Sayansi ilikuja baadaye.

Haingekuwa haki kusema kwamba masharti hayo yalileta hasara tupu. Mlaji wa Ulaya ana haki ya kula samaki salama, na uvuvi wa sumu, ulipotokea, uliwahatarisha kwanza watu wa ziwa wenyewe. Kutokana na mashinikizo hayo Tanzania iliimarisha ukaguzi, ikaitegemeza maabara ya Nyegezi, ikahimiza vikundi vya usimamizi wa mialo, na viwanda vikajifunza kudhibiti usafi katika kila hatua. Hata hivyo, mageuzi hayo yaliligawa ziwa. Samaki wa kusafirishwa alikaguliwa kuanzia mtumbwini. Samaki wa kuliwa Chato, yaani dagaa waliokaushwa mchangani na mapanki ya kukaanga, hakuwa na soko la nje la kuyadai masharti hayo kwa ajili yake. Usalama wa chakula uliingia nchini kama sharti la mauzo kabla ya kuwa haki ya mwananchi.

6.0 Ulinganisho

Mazao hayo mawili yakitazamwa pamoja, tofauti inayojitokeza ni ya muda na ya ushahidi. Katika suala la pamba, hatua iliyolalamikiwa ilikuwa ya nchi yenye nguvu. Iliendelea kutumika muda wote wa shauri, na mlalamikaji ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwa hesabu nzito kwamba ameumizwa. Katika suala la sangara, hatua ilichukuliwa pia na upande wenye nguvu. Ilianza kutumika mara moja, na aliyezuiwa ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba hana kosa. Mara zote mbili ushahidi ulidaiwa kutoka upande ule ule. Mara zote mbili upande huo ndio uliosubiri.

Mikataba yenyewe haisemi kuwa nchi maskini ndiyo ibebe mzigo huo. Mkataba wa Afya humtaka anayezuia awe na msingi wa kisayansi, na kanuni za ruzuku zilitosha kumshinda mwanachama mkubwa kuliko wote. Kilichoamua matokeo ni kile kilichokuwapo nje ya maandishi: wanasheria, wachumi, maabara, takwimu za bei za miaka mingi, na soko kubwa la kutishia nalo. Brazili ilikuwa navyo. Tanzania ya mwaka 2002 ilikuwa imetoka kubomoa bodi na vyama ambavyo, pamoja na dosari zake, vilikuwa vimekusanya kumbukumbu za zao hilo kwa nusu karne.

Ulinganisho huu wakosoa pia maelezo mawili yaliyozoeleka. La kwanza hudai kwamba biashara huria ikiachwa ifanye kazi, mkulima maskini atafaidika. Soko la pamba halikuwa huria, na mkulima wa Chato aliyefunguliwa milango mwaka 1994 alijikuta akishindana na hazina ya nchi nyingine. La pili hudai kwamba kanuni zote za kimataifa ni mtego na dawa ni kujitenga nazo. Kisa cha sangara kinaonyesha kwamba mwanya wa kuhoji ulikuwapo na ulitumika, na kwamba mlango ulifunguliwa tena pale nchi ilipojenga uwezo wake wa kukagua. Aidha, kosa la ndani lisifichwe nyuma ya kosa la nje: mchanga ndani ya pamba haukutiwa na Washington, wala sumu ndani ya maji haikumwagwa na Brussels.

7.0 Hitimisho

Wakulima wa Kanda ya Ziwa wa miaka ya 1950 waligundua kwamba bei iliyotangazwa haina maana ikiwa mizani iko mikononi mwa mwingine. Hawakuikataa biashara. Walidai kuwa na mtu wao wa kuisoma mizani, wakachangishana, wakaunda vyama, wakamsomesha karani. Ushindi wao ulitokana na kuelewa kwamba kipimo ni sehemu ya bei.

Kanuni za biashara ya kimataifa ni mizani ya aina hiyo, ila imewekwa mbali. Daftari la Marrakesh lilipima nani anaruhusiwa kusaidia wakulima wake na kwa kiasi gani; hukumu za pamba zilipima madhara; marufuku za samaki zilipima hatari. Katika kila upimaji, Tanzania ilikuwapo kama mwanachama, lakini mara chache ilikuwa na mtu aliyesimama karibu vya kutosha kuusoma mshale. Funzo la historia hii kwa nchi zinazoendelea ni kwamba kiti katika mkutano hakitoshi. Kinachohitajika ni kazi ya kila siku isiyo na sifa: takwimu za bei zinazotunzwa msimu hadi msimu, maabara inayoaminika na wa nje na wa ndani, ushirika wenye hesabu safi, na wataalamu wanaoweza kuandaa shauri peke yao au pamoja na majirani wa ziwa moja. Hadi hapo, mkulima wa Chato ataendelea kuhakiki kilo zake kwa makini kwenye ghala la chama, huku thamani ya kila kilo ikihakikiwa na watu asiowajua.